Ziwa Linapogeuka Barabara

Waulize watu wa Minnesota ni lini mtu aende Boundary Waters, na wengi watakujibu Julai. Watakusifia mtumbwi, kuogelea, na jua lisilozama hadi saa tatu usiku. Mimi na mke wangu tumebishana na wengi juu ya jambo hili, wengine wenyeji wa kule kule, na mpaka leo hatujashindwa. Mwezi wa Boundary Waters ni Februari.

Hili ni pori la hifadhi lililoko kaskazini kabisa mwa jimbo hilo la Marekani, mpaka mmoja na mbuga ya Quetico ya Kanada. Ndani yake mna zaidi ya ekari milioni moja za msitu, mwamba na maji, na maziwa yake yanapita elfu moja. Miamba ya huko ni mikongwe mno, mingine ina umri wa miaka bilioni 2.7. Juu yake ilikaa barafu nene iliyoyeyuka na kurudi nyuma yapata miaka 10,000 iliyopita, ikaacha mashimo na mifereji kila upande, na kila shimo likajaa maji. Kwa hiyo msafiri wa kiangazi hupiga kasia mpaka ziwa limwishie, akashuka, akajitwika mtumbwi, akavuka msitu hadi ziwa la pili, kisha akarudi kuchukua mizigo. Siku nzima ni kupanda na kushuka.

Mwezi wa Novemba maziwa huanza kuganda, na hayafunguki tena hadi mwisho wa Aprili au Mei. Hapo katikati nchi nzima hubadilika. Ziwa huwa barabara, na bwawa la matope ambalo Julai lingekumeza hadi kiunoni huwa uwanja. Unatazama mbele, unachagua kilima, unakwenda. Vijito ambavyo mtumbwi haupiti vinakuwa vichochoro vya kukutoa ziwa hili hadi lile, na kisiwa ulichokiona kwa mbali unakifikia kwa miguu, ukakizunguka, ukakaa juu ya jiwe lake kunywa chai.

Halafu hakuna mbu. Aliyewahi kulala huko mwezi wa Juni atajua kwamba sentensi hiyo peke yake ingetosha kuwa makala nzima.

Sisi ni watu wa Mombasa tunaokaa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis chenye Wakenya wengi kiasi kwamba kwenye foleni moja ya duka unaweza kusikia Kikisii, Kigikuyu na Kiswahili. Mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Mimi nafundisha hesabu mchana. Yeye akirudi, mimi natoka. Na kama walivyo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki, miaka ya kwanza tuliishi majira ya baridi kwa mtindo wa nyumba, gari, kazi, gari, nyumba, tukisubiri Aprili. Yeye ndiye aliyeuvunja mtindo huo. Mfanyakazi mwenzake alimwalika matembezi ya viatu vya theluji huko kaskazini, naye akarudi nyumbani macho yanang'aa. "Baba Salma," akaniambia, "wewe wakaa tu na hiyo hita yako. Kuna nchi nyingine hapa hapa, wala hujaiona." Mama yangu, tulipomweleza kwa simu, aliuliza swali ambalo tunaulizwa hadi sasa kwenye kila harusi na kila matanga: "Watu wazima na akili zenu, mwalala juu ya theluji mwafuata nini?"

Jibu linaanzia Ely. Kutoka Minneapolis ni kilomita kama 400 kuelekea kaskazini, na mji wenyewe una watu kama 3,000 tu. Zamani uliishi kwa machimbo ya chuma. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1967. Leo unaishi kwa pori. Kituo cha kimataifa cha mbwa mwitu kiko hapo, na jumba la kumbukumbu la Dorothy Molter, mwanamke aliyekaa peke yake kwenye ziwa la Knife hadi kufa kwake mwaka 1986, akiwauzia wapita mitumbwi soda aliyoitengeneza mwenyewe. Mwandishi Sigurd Olson alikuwa mtu wa Ely pia. Alikuwa mmoja wa waliopigania sheria ya mapori ya mwaka 1964, ambayo ndiyo inayolilinda eneo hili, na Januari 1982, akiwa na umri wa miaka 82, alifia kwenye theluji karibu na nyumba yake akiwa na viatu vyake vya theluji mguuni.

Lakini kinachonipendeza zaidi katika historia ya Ely ni kwamba mji huu umejengwa kwa kiasi kikubwa na watu wawili wawili. Mwaka 1986 Will Steger na Paul Schurke, wote wa hapa, waliongoza safari ya mbwa na sleji, chombo cha kuburutwa juu ya theluji, hadi Ncha ya Kaskazini bila kuongezewa chakula wala vifaa njiani. Ann Bancroft, aliyekuwa nao, akawa mwanamke wa kwanza kufika huko kwa kuvuka barafu. Majina ya wanaume hao wawili yako katika vitabu. Nguo na viatu vya Ely, hata hivyo, ni kazi ya mikono mingine: Susan Schurke, mke wa Paul, alianzisha ushonaji wa makoti ya baridi, na Patti Steger, aliyekuwa mke wa Will, alianzisha utengenezaji wa viatu laini vya ngozi ya musi kwa mfano wa vile vya wenyeji wa kaskazini. Musi ni mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, na ngozi yake huuacha unyevu wa mguu utoke nje. Kwenye baridi kavu sijaona kiatu kinachovishinda viatu hivyo. Wanaokwenda nchani hupigwa picha; wanaowashonea hubaki na sindano, na mimi ningewapa wote nishani sawa.

Kwa anayeanza, mahali pa kwenda ni Hegman. Unatoka Ely kwa njia iitwayo Echo Trail, unaegesha gari msituni, unateremka ngazi na mteremko mkali hadi ziwa la Hegman Kusini. Unalivuka, unapita kipande kifupi cha ardhi, unatokea Hegman Kaskazini, na mwisho wake, upande wa magharibi, kuna jabali. Ni kama kilomita tatu kwenda. Kwenye jabali hilo, juu kidogo ya kimo cha mtu, kuna michoro ya rangi nyekundu iliyotokana na mawe ya chuma. Yuko mtu aliyenyoosha mikono pande zote mbili, vidole vyake vimetawanyika. Karibu naye kuna musi. Kuna mnyama mwingine mwenye mkia mrefu, na juu kuna mitumbwi yenye watu ndani. Mwenye mtumbwi huitazama huku anayumba na kupiga kasia asisukumwe. Februari unasimama mbele yake kwa miguu yako miwili muda unaotaka, ukarudi nyuma, ukasogea pembeni, ukakaa.

Waliochora ni wazee wa watu wa nchi hii, na Waojibwe, ambao ndio wenyeji wake hadi leo, wanaitazama kama mahali pa heshima. Kwa mkataba wa mwaka 1854 waliiachia serikali ardhi kubwa ya huku, wakabakiza haki ya kuwinda na kuvua ndani yake, na haki hiyo ipo bado. Msanii na msomi wa Kiojibwe Carl Gawboy alitoa maelezo ambayo, tangu nilipoyasikia, yamenifanya niione michoro ile kwa jicho jingine: kwamba picha hizi ni ramani ya nyota. Yule mtu mwenye mikono iliyonyooka ni Mleta Baridi, kundi la nyota ambalo watu wa pwani wenye elimu ya falaki wanalijua kwa jina la Jabari, likiwa na nyota tatu katikati. Anapopanda jioni, majira ya baridi yameingia. Mwenye mkia mrefu ni nyota za kuelekea masika. Musi ni nyota za vuli. Aliyechora alikuwa anaandika kalenda.

Tulipokuwa tukirudi garini usiku ulikuwa umeshaingia, na mke wangu akasimama katikati ya ziwa akiwa ameinua uso. Jabari alikuwa wima upande wa kusini, amesimama kabisa kama alivyo jabalini. Kwetu Mombasa hupanda akiwa amelala ubavu na kupita karibu na utosi. Juu yake kidogo, kulia, Kilimia. "Marehemu babu alikuwa akikingoja kile ndio apande mahindi," akasema. Watu wawili mbali namna ile, mmoja na jembe Kaloleni na mwingine na rangi nyekundu Hegman, walisoma karatasi moja.

Mwaka 2020 Boundary Waters ilitambuliwa rasmi kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza. Haina taa, haina barabara, na injini haziruhusiwi isipokuwa kwenye maziwa machache. Ukipata bahati utaiona mianga ya kaskazini ikicheza kijani juu ya misonobari. Sisi hatuisubiri. Nyota zinatosha.

Kulala huko ni jambo jingine, na ndiko mapenzi yetu yalikoshika mizizi. Mizigo tunaivuta kwa sleji ndefu ya plastiki, kamba kiunoni. Mmoja huvuta, mwingine hutangulia kukanyaga theluji ili ishikane. Kwenye mteremko, wa pili hugeuka nyuma na kuizuia isimpige mwenzake visigino. Mbwa wa sleji wapo kwa wanaotaka, na Ely kuna wanaowapeleka wageni kwa siku moja au kwa wiki. Mara moja tulipokwenda nao niligundua jambo: kabla ya kuondoka mbwa wote hubweka kwa wazimu hadi husikii jina lako, na nukta ile wanapofunguliwa, kimya. Panabaki pumzi zao na mkwaruzo wa sleji. Ilikuwa raha, lakini tulirudi kwenye kamba zetu. Kwa miguu unaiona nchi vizuri zaidi.

Barafu ina elimu yake. Ikifika sentimita kumi za barafu safi, mtu huweza kutembea juu yake. Februari mara nyingi imepita nusu mita. Hatari iko kwenye mapito membamba kati ya maziwa, kwenye midomo ya mito, na karibu na nyumba za biva, wale wanyama wajenga mabwawa, mahali ambapo maji hayatulii. Huko tunapima kwa kigongo chenye chuma. Adui wa kila siku ni mwingine kabisa: theluji nzito huikandamiza barafu, maji hupenya kwenye nyufa na kukaa juu yake chini ya theluji, hayagandi kwa sababu theluji imeyafunika. Ukiyakanyaga, viatu vya theluji na sleji hulowa, na mara tu vinapoguswa na hewa vinaganda vikawa na uzito mara mbili. Mke wangu huyatambua kwa rangi: theluji ya hapo ina kijivu kidogo. Mimi nikitangulia huenda moja kwa moja. Yeye akitangulia huzunguka, na sote hufika tukiwa wakavu. Siku hizi hutangulia yeye.

Usiku barafu huzungumza. Joto linapobadilika inatanuka au kusinyaa, inapasuka kutoka ufuko hadi ufuko, na sauti yake ni mngurumo mzito unaopita chini yako ukaishia mbali. Mara ya kwanza mtu huamka ameshika viatu. Baadaye unajifunza kwamba barafu nene nayo hunguruma, na unalala.

Hema letu ni la turubai, lina jiko dogo la bati la kuni na bomba la moshi. Kuni ni za miti iliyokufa tu. Mti ulio hai hauguswi. Mimi ni mtu wa msumeno na shoka. Yeye hutoboa barafu kwa keekee la mkono, maana la injini haliruhusiwi, hupata maji ya kuchemsha, na akiwa na kibali cha kuvua hutoboa shimo la pili. Trauti wa ziwani huvuliwa ndani ya pori hili kuanzia mwanzo wa Januari hadi mwisho wa Machi, na trauti wa pale akikaangwa na ugali pembeni, wallahi, hata kamba wa Malindi angesogea kumpisha. Makopo na chupa za kioo haviruhusiwi kuingia porini, kwa hiyo maharage ya nazi tunayapika nyumbani, tunayagandisha kwenye mifuko bapa, tunayavunja vipande sufuriani. Chapati tunazipasha moto juu ya bati la jiko. Mafuta unayala bila hofu; mwili unayachoma usiku kucha.

Na baridi? Ni kali, sitaki kumdanganya mtu. Nyuzi 20 chini ya sifuri alfajiri ni hali ya kawaida. Mji wa Tower, jirani ya Ely, tarehe 2 Februari 1996 ulipimwa nyuzi 51 chini ya sifuri, rekodi ya jimbo zima. Kwenye baridi ya namna hiyo ngozi ya pua na mashavu huanza kufa bila maumivu; hutokea doa jeupe, na mwenyewe hulioni wala hulihisi. Lazima awepo wa kukutazama. Kila baada ya muda mmoja wetu husema "Uso!" na wote wawili tunasimama, tunaangaliana kwa makini, pua, shavu, sikio. Kuna wanandoa wa miaka mingi ambao hawajaangaliana hivyo tangu siku ya nikahi. Ndiyo maana nasema pori hili la Februari ni la watu wawili. Mmoja ni hatari, na kundi kubwa hugeuka kuwa sherehe.

Halafu kuna usiku wenyewe. Katikati ya Februari jua la Ely huzama saa kumi na moja na nusu jioni na huchomoza saa moja asubuhi. Ni zaidi ya saa kumi na tatu za giza, ndani ya hema, simu hazishiki mtandao. Kwa wanandoa ambao mjini huachiana maagizo kwenye karatasi mlangoni, hizo ni saa nyingi sana. Tumeyamaliza huko mambo ya ada za shule, ya shamba la Kwale, ya nani akamtazame mama. Mengine tulikuwa tumeyakwepa miaka.

Wanyama huonekana kidogo lakini huandika kila kitu chini. Fisi maji hukimbia hatua chache kisha huteleza kwa tumbo, akaacha mfereji laini. Mbwa mwitu hupita katikati ya ziwa mmoja nyuma ya mwingine, kila mguu ndani ya alama ya aliyetangulia, hata kundi zima ukalidhani ni mmoja, mpaka kwenye kona wanapotawanyika ndipo unapohesabu. Kuwaona wenyewe ni nadra. Kuwasikia si nadra.

Kuna wanandoa wawili ambao sisi mbele yao ni wanafunzi wa chekechea. Amy na Dave Freeman waliingia Boundary Waters Septemba 2015 na hawakutoka hadi Septemba 2016: siku 366 mfululizo, kwa mtumbwi kiangazi, na kwa ski, sleji na mbwa watatu wakati wa baridi. Walifanya hivyo kupinga mpango wa kuchimba shaba na nikeli karibu na mpaka wa pori, kwenye maji yanayotiririka kuingia ndani yake. Wenye hofu husema mawe ya aina hiyo yana salfaidi ambayo ikikutana na hewa na maji hutoa asidi. Wanaotaka mgodi nao si watu wabaya. Ni wajukuu wa wachimba chuma, na ajira za kuuza mitumbwi hazilipi kama za mgodi. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilizuia uchimbaji mpya kwenye ekari kama 225,000 za eneo hilo kwa miaka 20, na ubishi haukuishia hapo. Mimi najua niliko. Maji unayoyatoa shimoni ukaona jiwe chini kabisa hayana mbadala dukani.

Kwa jamaa zangu wa Minneapolis, St. Cloud na Rochester wanaosubiri Aprili dirishani: kibali cha majira ya baridi ni bure, mnajijazia wenyewe kwenye kisanduku pale mnapoingilia, na hakina mgao kama wa kiangazi. Anzeni na Hegman, kwenda na kurudi siku moja. Vaeni sufu, acheni pamba nyumbani, kwa sababu pamba ikilowa jasho haikauki. Ulizeni Ely hali ya barafu kabla ya kukanyaga. Michoro msiiguse hata kwa ncha ya glavu. Na ondokeni Ely asubuhi na mapema, maana njia ya kurudi hupanda, na ngazi zile zikiganda huchukua muda.